Kimya cha Programu: Tafakuri juu ya Kustaafisha Vifurushi Huria

1.0 Utangulizi

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa watu, hasa yule mpole ambaye siku akifungua kinywa baraza zima hugutuka. Katika zama hizi za kompyuta methali hiyo imepata mahali pengine pa kutumika. Zipo programu nyingi zilizotungwa na watu waliojitolea, zikatolewa kwa umma pamoja na msimbo wake, yaani matini aliyoiandika mtungaji kabla ya kugeuzwa kuwa amri za mashine. Kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Hizi ndizo programu huria. Baada ya miaka kadhaa baadhi yake hunyamaza. Toleo jipya halitoki, barua za watumiaji hazijibiwi, na kasoro zilizoripotiwa hubaki kama zilivyokuwa. Hapo ndipo huzuka swali: je, programu iliyonyamaza iachwe mahali pake, au istaafishwe?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Sivyo. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu yake kwa programu huria, mkutubi anayeorodhesha vitabu, na mhariri anayepanga kurasa za jarida, wote huegemea kazi za watu wasiowajua. Aidha, swali lenyewe lina sura ambayo wanaleksikografia waliizoea zamani. Neno ambalo halisemwi tena, je, libaki katika kamusi? Atakayefungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 atakutana na maneno mengi ambayo kijana wa leo hakupata kuyasikia, na hakuna mtaalamu anayetaka yafutwe. Neno la kale hulala ukurasani bila kumdhuru mtu, na siku mtafiti wa tenzi atakapolihitaji litakuwapo.

Hata hivyo, ulinganisho huo una kikomo. Programu hailali kama neno, hutenda kazi. Iko karibu zaidi na jahazi kuliko kamusi. Jahazi lisilokalafatiwa huweza kuelea bandarini miaka mingi, likionekana zima kwa anayelitazama kutoka ufukweni, lakini atakayelipakia shehena na kutweka tanga ndiye atakayejua kwamba mbao zimeachana. Kwa sababu hiyo hoja kwamba vya kale ni dhahabu haitoshi katika suala hili. Haitoshi vilevile hoja ya wale wasemao kwamba kisichotembea kimekufa. Jambo la kupima si urefu wa kimya. Jambo la kupima ni kama yupo atakayeitika siku programu itakapoitwa, na kama hayupo, ni namna gani ya kuiaga isiwadhulumu waliotunga na wanaotumia.

2.0 Kifurushi na walezi wake

Ili mjadala ueleweke, yafaa kueleza kwanza kifurushi ni nini. Mnamo Agosti 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mkusanyo wa programu huria ambao hadi leo unaendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Ndani ya mkusanyo huo kila programu hufungwa pamoja na maelezo yake: inafanya nini, inahitaji programu zipi nyingine ili ifanye kazi, na nani anayewajibika nayo. Fungu hilo ndilo kifurushi. Mtumiaji akikitaka hutoa amri moja tu, na vyote vinavyohitajika huja pamoja nacho. Mkusanyo huo una makumi ya maelfu ya vifurushi.

Nyuma ya kila kifurushi kuna watu wa aina mbili ambao mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza ni mtungaji wa programu yenyewe. Wa pili ni mtunzaji, yule anayeichukua programu, akaifunga, akapokea malalamiko ya watumiaji na kuyafikisha kwa mtungaji. Wawili hawa huenda wasionane maisha yao yote. Kwa hiyo kimya nacho ni cha aina mbili. Mtungaji aweza kunyamaza hali mtunzaji yu macho, akiendelea kuziba nyufa ndogo ndogo kwa mkono wake. Au mtungaji aweza kuwa hodari, akitoa matoleo kila mwezi, hali mtunzaji ametoweka na kifurushi kimebaki na toleo la miaka mitano iliyopita. Kuhukumu bila kutofautisha hali hizi mbili ni sawa na kumlaumu mwandishi kwa makosa ya mpiga chapa.

Lugha inayotumika katika jumuiya hizi ni ya ukoo, na inastahili kuangaliwa. Katika Debian kifurushi kilichoachwa na mtunzaji wake huitwa yatima. Jina la mlezi wa zamani huondolewa, na mahali pake huandikwa jina la kundi linaloshughulikia ubora wa mkusanyo mzima. Mwenye kutaka kukichukua hutangaza nia yake ya kukilea. Yatima huyo huweza kukaa nyumbani miaka mingi, akila sahani moja na wengine, ilimradi hana kasoro kubwa. Katika Fedora, mkusanyo mwingine mashuhuri, desturi ni kali zaidi: yatima asiyepata mlezi kwa muda wa wiki sita hustaafishwa. Hizi ni falsafa mbili. Ya kwanza yasema kifurushi kina haki ya kubaki mpaka ithibitike kwamba kinadhuru. Ya pili yasema kisicho na mlezi hakina wa kukisemea, na nyumba haipaswi kumpa mgeni kitu ambacho hakuna anayekijua.

3.0 Sura tatu za kimya

Ugumu wa uamuzi huu unatokana na jambo moja: kimya chote kinafanana kwa anayekisikiliza kutoka nje. Ndani yake, hata hivyo, kuna angalau sura tatu.

Sura ya kwanza ni kimya cha ukamilifu. Mfano wake bora ni TeX, programu ya kupanga chapa aliyoianza Donald Knuth mwaka 1977 na ambayo hadi leo hutumiwa na wanahisabati na wachapishaji wa majarida. Knuth alitangaza zamani kwamba hataongeza jambo jipya ndani yake; atasahihisha makosa tu, tena baada ya miaka mingi. Namba ya toleo haipandi kwa kawaida ya programu nyingine. Kila marekebisho huongeza tarakimu moja ya ile namba ya duara iitwayo pai. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliifikisha kwenye 3.141592653, na ukaguzi unaofuata umepangwa mwaka 2029. Ameagiza pia kwamba atakapofariki namba iwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalobaki lihesabiwe kuwa ni sehemu ya programu. Mtu atakayepima uhai wa TeX kwa wingi wa matoleo ataiandikia cheti cha kifo ingali inafanya kazi yake kila siku.

Sura ya pili ni kimya cha uchovu. Programu huria nyingi hutungwa usiku, baada ya kazi ya kutwa, na mtu mmoja ambaye mwanzoni alikuwa akitatua shida yake mwenyewe. Programu ikipendwa, maombi huongezeka. Wanaoomba ni wengi. Wanaoshukuru ni wachache. Wanaosaidia huhesabika kwa vidole. Mtungaji huoa, hupata watoto, hubadili kazi. Siku moja hufungua sanduku la barua, huona mia mbili ambazo hakuzijibu, na hulifunga. Hakuamua kuacha. Aliahirisha tu, na kuahirisha kukawa ndiko kuacha. Kimya cha namna hii ndicho chenye hatari zaidi, kwa kuwa mwenyewe hukiona kama deni, na mwenye deni huona haya kutangaza kwamba ameshindwa kulipa.

Sura ya tatu ni kimya cha maradhi na mauti. Mnamo Agosti 2000 Debian ilitoa toleo lake la 2.2 na kuliweka wakfu kwa kumbukumbu ya Joel Klecker, mmoja wa watunzaji wake, aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa na maradhi ya misuli yaliyomlaza kitandani kwa sehemu kubwa ya miaka aliyojitolea. Wenzake wengi hawakujua. Walijua kazi yake tu, na kazi yake ilikuwa njema. Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila anayeketi kuandika barua ya kuuliza kwa nini kifurushi fulani hakijashughulikiwa. Anayeandikiwa aweza kuwa mvivu. Aweza pia kuwa mgonjwa asiyetaka kuhurumiwa. Lugha ya barua hiyo yapaswa iwe ile ambayo mwandishi wake hataijutia atakapopata habari kamili.

4.0 Vipimo na upungufu wake

Wanaotetea ustaafishaji wa haraka hupenda vipimo, na si kosa kuvipenda. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu: tarehe ya badiliko la mwisho, idadi ya watumiaji, na kasoro zilizoripotiwa bila kushughulikiwa. Kila kimoja kina ukweli wake na upofu wake.

Upofu wa tarehe umeshaonyeshwa kwa mfano wa TeX. Upofu wa idadi ni wa ndani zaidi. Debian hukusanya takwimu za vifurushi vilivyowekwa katika kompyuta za watu, lakini kwa hiari tu: mwenye kompyuta huulizwa kama angependa kuhesabiwa, na asiyekubali hahesabiwi. Utaratibu huo unalinda faragha, na kwa hiyo ni wa kusifiwa, lakini matokeo yake ni kwamba daftari lina majina ya waliopenda kuandikwa peke yao. Shule yenye kompyuta ishirini zisizo na intaneti haimo ndani yake. Zaidi ya hayo, idadi ndogo si dalili ya haja ndogo. Programu inayomsomea kipofu maandishi yaliyo kwenye kioo huenda ikawa na watumiaji wachache kuliko mchezo wa karata, lakini mchezo ukiondolewa watu hupata mchezo mwingine. Ile nyingine ikiondolewa mtu hufungiwa mlango wa kusoma.

Watumiaji wa Kiswahili wana mfano wao wa karibu. Miongoni mwa kamusi za kusahihishia tahajia zinazogawiwa pamoja na LibreOffice imo ya Kiswahili, na katika Debian hupatikana kama kifurushi cha peke yake. Ni orodha ya maneno pamoja na kanuni za viambishi. Kwa kipimo cha tarehe haina uhai mwingi. Kwa kipimo cha idadi haiwezi kushindana na ya Kiingereza au ya Kijerumani. Lakini orodha ya maneno haitendi kazi kama programu, husomwa tu. Haifungui mlango wa seva wala haipokei faili kutoka kwa mgeni. Madhara yake ya kukaa kimya ni ya namna nyingine: maneno sahihi yaliyoingia katika lugha baadaye hupigiwa mstari mwekundu, na mwanafunzi asiyejiamini huyaacha. Tiba ya hali hiyo si kuiondoa orodha. Tiba ni kuiongezea maneno, na hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili kabla ya kuwa kazi ya mafundi wa kompyuta.

Kipimo cha tatu, kasoro zilizoripotiwa, ndicho kilicho karibu zaidi na kiini cha suala. Hata hivyo kasoro hazilingani. Kitufe kilichopinda si sawa na mwanya unaomwezesha mwizi kuingia. Programu inayofanya hesabu ndani ya kompyuta ya mtu mmoja haihitaji ulinzi sawa na ile inayopokea ujumbe kutoka duniani kote. Ndiyo maana swali la kwanza la mtunzaji mwenye busara si lini programu ilibadilishwa mara ya mwisho, bali ni nini kitatokea ikipatikana na mwanya kesho asubuhi, na ni nani atakayeuziba.

5.0 Kisa cha OpenOffice

Swali hilo liliulizwa hadharani juu ya programu ambayo jina lake linajulikana na mamilioni ya watu. OpenOffice, mkusanyo wa zana za kuandikia na kukokotolea majedwali, ilifunguliwa kwa umma na kampuni ya Sun mwaka 2000. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na mwezi Septemba wa mwaka huohuo sehemu kubwa ya waliokuwa wakiitunga walijitenga na kuanzisha LibreOffice kutokana na msimbo uleule. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa wakfu wa Apache. Tangu hapo kukawa na ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja akiwa na watenda kazi wengi, mwingine akiwa na jina.

Mnamo Julai 2016 ulitangazwa mwanya katika sehemu ya OpenOffice inayotumika kuandalia picha za maonyesho. Toleo lililokuwa mikononi mwa watu halikuwa na tiba. Kiraka kilipatikana mwishoni mwa Agosti. Septemba ya mwaka huo aliyekuwa kiongozi wa mradi aliweka mezani swali ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: kustaafisha OpenOffice kungekuwaje? Hakusema istaafishwe. Alisema tu kwamba uwezekano huo ujadiliwe waziwazi, kwa kuwa waliobaki na ujuzi wa kurekebisha msimbo mkubwa kiasi kile walikuwa wachache mno.

Hoja za pande mbili zilikuwa na uzito. Upande mmoja, kuendelea kugawa programu ambayo majeraha yake huchelewa kutibiwa ni kuwahadaa watumiaji wanaoamini jina. Upande mwingine, kuifunga ni kuwaacha watu hao bila mwongozo, na ni kuwavunja moyo wachache walioendelea kujitahidi. Mradi haukustaafishwa. Toleo la 4.1.3 lilitoka Oktoba 2016, na mengine madogo yakafuata. Mnamo Oktoba 2020, miaka 20 tangu msimbo ulipofunguliwa, wakfu unaosimamia LibreOffice uliandika barua ya wazi ukiwaomba ndugu zao wa Apache wawaelekeze watumiaji kwenye programu iliyo hai zaidi. Mtu aweza kuiona barua hiyo kuwa ya ukweli mchungu au ya majivuno ya mshindi. Lililo dhahiri ni kwamba kimya hakiwezi kutatuliwa na aliyekimya peke yake, wala na jirani yake peke yake.

Kisa hiki hakiko mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kila amri iliyokuwa kwenye kioo ilibidi ipewe neno, na kila neno lilibidi lifae kwa karani, mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja. Toleo lile la OpenOffice limepitwa na wakati zamani, na hakuna anayepaswa kulitumia leo kwa kazi ya siri. Chombo kimekwisha. Lakini shehena yake ilikuwa maneno, na maneno hayaozi pamoja na mbao. Kwa kuwa tafsiri ilikuwa huria kama programu yenyewe, hapakuwa na sheria ya kumzuia mtu kuichukua na kuipakia katika chombo kingine. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya programu huria na ile inayofungiwa na mwenye kampuni: ya pili ikifa huzikwa na mali ya watu ndani yake, ya kwanza ikifa huacha urithi, ilimradi warithi wajue ulipo.

6.0 Haraka ya kulea na haraka ya kufuta

Huenda ikasemwa kwamba tiba rahisi ni kumtafutia kila yatima mlezi. Matukio ya miaka ya karibuni yanafundisha tahadhari. Programu ya kubana faili iitwayo xz ilikuwa mikononi mwa mtungaji mmoja aliyekuwa akiitunza kwa kujitolea, na ambaye alikuwa amesema waziwazi kwamba nguvu zake zilikuwa na mpaka. Alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan. Alisaidia kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili, huku sauti nyingine zikimshinikiza mtungaji akabidhi madaraka. Alipokwisha kuaminiwa alipenyeza katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri wa kuingilia seva. Mlango huo uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia katika seva yake kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kufika katika sehemu za majaribio za Debian na Fedora. Nusu sekunde ndiyo iliyokuwa kati ya jaribio na maafa.

Fundisho la kisa hicho si kwamba mlezi mpya ashukiwe daima. Bila walezi wapya hakuna programu huria itakayovuka kizazi kimoja. Fundisho ni kwamba uchovu wa mtu mmoja ukiachwa bila kuangaliwa hugeuka mwanya kwa wote. Waliokuwa wakiitegemea xz walikuwa wengi mno, yakiwamo makampuni yenye fedha, lakini aliyeubeba mzigo alikuwa mmoja.

Haraka ya kufuta nayo ina maafa yake. Mnamo Machi 2016, katika ghala la vifurushi vya lugha ya programu ya JavaScript, mtungaji mmoja aliyekuwa na ugomvi juu ya jina la kifurushi aliamua kuondoa kazi zake zote. Miongoni mwake kilikuwamo kifurushi kidogo kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya programu zilikuwa zikikitegemea, nyingine bila waandishi wake kujua, kwa kuwa zilitegemea zile zilizokitegemea. Zote zilikwama mpaka kiliporudishwa siku hiyohiyo. Wasimamizi wa ghala walibadilisha kanuni baadaye ili kuondoa kifurushi kinachotegemewa kusiwe jepesi kiasi kile. Mtungaji alikuwa na haki juu ya kazi yake. Hilo halina ubishi. Ila haki ya kunyamaza na haki ya kuling'oa jiwe lililobeba ukuta wa jirani si haki moja.

7.0 Kustaafisha si kufuta

Kutokana na yaliyoelezwa, ni dhahiri kwamba ustaafishaji mwema upo katikati ya kuacha mambo yajiendee na kufuta. Neno kustaafu lenyewe linasaidia kufikiri. Mtumishi aliyestaafu haingii tena ofisini, lakini jina lake halifutwi katika kumbukumbu, na vijana humwendea kumwuliza mambo ya zamani. Programu nayo yastahili hadhi hiyo. Mambo manne yanaonekana kuwa ya lazima.

La kwanza ni kuita kabla ya kuhukumu, na kungoja kwa muda unaojulikana. Tangu mwaka 2018 Debian ina utaratibu wa kuokoa kifurushi ambacho mtunzaji wake amenyamaza: anayetaka kukiokoa hutangaza nia yake hadharani, kisha hungoja siku zisizopungua 21. Mtunzaji akijitokeza na kukataa, jambo husimama. Siku hizo si urasimu mtupu. Ni heshima kwa aliyesafiri, aliyefiwa na aliyelazwa.

La pili ni kuangalia wanaotegemea. Kifurushi kimoja kikiondoka huvuta vingine, kama ilivyotokea lugha ya Python 2 ilipofikia mwisho wa matunzo rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mwisho huo ulikuwa umepangwa kuwa mwaka 2015, ukasogezwa kwa miaka mitano kwa sababu watu hawakuwa tayari. Programu nyingi ambazo hazikuhamia Python 3 ziliondolewa katika mikusanyo mbalimbali, na baadhi yake hazikuwa na kosa lolote ila kwamba hakuna aliyejitolea kuzihamisha. Tangazo la mapema ndilo lililopunguza maumivu, halikuyaondoa.

La tatu ni kuandika sababu. Fedora inapostaafisha kifurushi, faili zake huondolewa mahali pa kazi na huachwa faili moja fupi yenye kueleza kwa nini kimestaafishwa. Historia yote iliyotangulia hubaki, na atakayetaka kukifufua ataikuta. Sentensi moja ya sababu yaweza kumwokolea mtu wa kesho siku nyingi za kubahatisha.

La nne ni kuhifadhi. Wakfu wa Apache ulianzisha Novemba 2008 mradi uitwao Attic, yaani dari, ile nafasi ya juu ya nyumba panapowekwa vitu visivyotumika tena lakini visivyotupwa. Miradi iliyokoma hupelekwa huko, na msimbo wake hubaki wa kusomwa na kila mtu. Nchini Ufaransa taasisi ya Inria ilizindua mwaka 2016 hifadhi iitwayo Software Heritage, yenye lengo la kukusanya na kutunza msimbo wa programu zote zilizowekwa hadharani. Hifadhi za namna hii zinabadilisha maana ya uamuzi wenyewe. Pale ambapo kustaafisha ni kupoteza, mwenye huruma hulazimika kukataa. Pale ambapo kustaafisha ni kuhamisha kutoka sokoni kwenda makavazini, huruma na usalama haviwi maadui tena.

8.0 Hitimisho

Mwisho wa yote, uamuzi wa kustaafisha kifurushi hufanywa na mtu mbele ya orodha, mara nyingi usiku, mara nyingi bila malipo. Mbele yake kuna jina la programu, tarehe ya zamani, na jina la mtu asiyejibu. Hakuna kanuni itakayomwondolea kabisa mzigo huo. Kanuni zaweza kumwambia asubiri siku ngapi na aandike nini. Haziwezi kumwambia kama kimya anachokisikia ni cha kazi iliyokamilika, cha mtu aliyechoka, au cha kaburi.

Anachoweza kukijua ni kama, programu ikiitwa kesho, yupo wa kuitika. Ikiwa yupo, hata kama ni mmoja na hutoa toleo moja kwa miaka saba, kifurushi kina haki ya kubaki. Ikiwa hayupo, na programu ni ya kusomwa tu kama orodha ya maneno, yaweza kubaki ikingoja mlezi. Ikiwa hayupo, na programu imesimama mlangoni ikipokea wageni, basi kuiacha hapo kwa jina la heshima ni kumdanganya mtumiaji, na mtumiaji naye anastahili heshima.

Kwa upande wa wataalamu wa Kiswahili, kuna jambo la ziada. Maneno ya lugha hii yamo ndani ya programu ambazo wengi wao hawajui nani anazitunza. Wanaosimamia orodha hizo za vifurushi hawajui Kiswahili, na hawawezi kulaumiwa kwa kutojua thamani ya kitu ambacho wenyewe hawakukisemea. Idara ikitaka kamusi ya tahajia isihesabiwe miongoni mwa vilivyokufa, njia iko wazi: iwe na mtu ambaye barua ikifika ataijibu.